Kununua zawadi kwa msanii mwenyewe: maswali ninayoulizwa kwenye karakana ya fremu

Mimi ni fundi fremu, Dar es Salaam. Picha ikishachorwa huja kwangu, na ikishaharibika huja kwangu pia. Wanaozileta huwa na maswali, na tatizo ni kwamba wengi huuliza wakiwa wameshalipa. Ndiyo maana nimeyaandika. Nimezungumzia zaidi picha na vinyago vya hapa Dar kwa kuwa ndivyo ninavyovishika kila siku. Msomaji wa Mombasa au Kisumu atajua pa kubadilisha jina la mtaa.

Maduka ya zawadi yamejaa kila kona. Kwa nini nihangaike kumtafuta msanii?

Watu hudhani ni kwa ajili ya bei. Bei ipo, ndiyo, maana mtu wa kati naye anakula hapohapo. Lakini mimi ningeanza na jambo lingine: kwa msanii, kitu bado kinabadilika. Dukani unachukua kilichopo. Kwa mchoraji unasema, "Kaka, huyu twiga mpunguze, halafu hapa pembeni niwekee mnazi na ngalawa moja, anayepewa ni mtu wa Mafia," na keshokutwa ngalawa ipo.

Kisha kuna swali ambalo kila anayepewa kitu cha sanaa huliuliza kabla hata hajakaa: nani kakifanya? Ukiwa umekitoa dukani utasema "nimekikuta tu pale". Ukiwa umekaa na mchongaji nusu saa, una la kusimulia.

Duka nalo si adui. Kama sherehe ni saa kumi na sasa ni saa nane, nenda dukani.

Nimpate wapi?

Picha za Tingatinga, nenda Oysterbay, karibu na Morogoro Stores. Hapo ndipo Edward Saidi Tingatinga, kijana aliyetoka Tunduru, alipokuwa akiuza picha zake mwishoni mwa miaka ya 1960. Alipofariki mwaka 1972, ndugu na wanafunzi wake waliendelea palepale, na mwaka 1990 wakawa na ushirika wao. Utawakuta wamekaa kwenye vigoda, makopo ya rangi miguuni, picha zimeanikwa ukutani.

Vinyago, nenda Mwenge. Usiishie kwenye vibanda vya mbele vilivyopangwa vizuri. Zunguka nyuma ufuate sauti ya tezo.

Ukitaka sanaa ya siku hizi, isiyo na simba wala twiga, kuna Nafasi Art Space pale Mikocheni, ambako wasanii wana vyumba vyao vya kazi. Bagamoyo kuna TaSUBa, chuo cha sanaa cha miaka mingi, na pembeni yake wachoraji na wachongaji hawakosekani. Vikapu vya milulu ni vya Iringa. Wa Kenya wana Wamunyu kwa vinyago vya Wakamba na Tabaka, kule Kisii, kwa mawe laini ya kuchonga. Wazee wa Wamunyu wenyewe husimulia kwamba Mutisya Munge aliutoa ufundi huu kwa Wazaramo, upande wa Tanganyika, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwa hiyo Mkamba na Mzaramo wakibishana nani fundi zaidi, mimi hucheka tu.

Nitajuaje kama huyu ndiye aliyechora, au anauza tu?

Tazama kucha. Sitanii. Rangi ya mafuta haitoki kirahisi hata kwa petroli, na mchoraji wa Tingatinga huwa nayo pembeni mwa kucha mwaka mzima.

Baada ya hapo mwombe akuonyeshe picha ambayo haijaisha. Picha ya namna hii huanza na mandhari ya nyuma: anga la rangi mbilitatu zilizofifishwa moja kuingia nyingine. Hiyo huachwa ikauke, ndipo mnyama anawekwa, kisha madoa, kisha mistari myembamba ya mwisho, manyoya na kope za macho. Mwenye kazi yake hakosi moja iliyoishia kwenye anga. Mwuzaji atakuambia zote zimeisha.

Uliza pia jina lililoandikwa chini ya picha ni la nani na yuko wapi leo. Ukijibiwa "ni huyu hapa kaka yangu, kaenda kununua chai", hilo ni jibu zuri, msubiri arudi. Ukijibiwa "jina si muhimu", endelea na safari.

Hapa kuna jambo linalowachanganya wageni. Utaona picha tano zinazofanana, tembo yuleyule chini ya mbuyu uleule, majina tofauti. Huo si wizi. Tangu mwanzo Tingatinga ni shule ya kufundishana, na umbo zuri huzunguka mikononi mwa wengi. Vilevile si ajabu mwanafunzi akajaza rangi ya nyuma, na fundi wake akamalizia na kuweka jina. Kama hilo linakusumbua, uliza. Ukiuliza kwa adabu hawatakuficha. Unachotakiwa kukikwepa ni kitu kingine kabisa: mtu anayeandika jina la mwenzake mwenye sifa ili picha ipande bei.

Kuna jamaa ananiuzia picha aliyochora Edward Tingatinga mwenyewe. Ninunue?

Kama anakuuzia kwa bei ya zawadi, hapana.

Hesabu mwenyewe. Marehemu alianza kuchora mwaka 1968 na alipigwa risasi kimakosa na polisi mwaka 1972. Hiyo ni miaka minne. Kazi zake ni chache, na nyingi ziliondoka nchini mikononi mwa Wazungu waliokaa Oysterbay wakati ule. Alichora hasa kwenye vipande vya hadibodi vya mraba, takriban sentimita 60 kwa 60, kwa rangi za kung'aa za kupaka baiskeli. Sasa mtu anakukunjulia kitambaa kinachonukia rangi mbichi, pembeni kimeandikwa "E. S. Tingatinga", na anataka laki moja! Mwambie asante, nunua ya mchoraji aliye hai aliyekaa mbele yako.

Bei zikoje? Nipatane au nitoe anayotaja?

Patana. Asiyepatana huonekana mgeni, na anayepatana vibaya huonekana mgeni zaidi. Msikilize huyu kijana niliyemkuta Mwenge:

– Shikamoo, mzee. Hiki bei gani?

– Marahaba, mwanangu. Hicho elfu themanini.

– Nina arobaini, mzee wangu.

– Aa, gogo lenyewe nimelinunua. Na msasa je? Leta sabini tuagane vizuri.

– Sitini na tano, na chai nitakunywesha.

Kijana akalipa sitini na tano, chai wakanywa wote wawili, na mzee akakifuta kinyago upya kwa kitambaa kabla ya kukifunga kwenye gazeti. Hapo hakuna aliyeumia.

Kinachouma ni ule mtindo wa "mwenzako kule ananiuzia elfu ishirini". Kama kule ni elfu ishirini, kwa nini hukununua kule? Na uliza kitu kimekula siku ngapi kabla hujakipima kwa macho. Picha ndogo yenye samaki mia na kila samaki na magamba yake inaweza kuwa imekaa mkononi muda mrefu kuliko kubwa yenye pundamilia wawili. Kwenye vinyago ndiyo zaidi: wewe unaona urefu, mchongaji anakumbuka matundu aliyoyapitisha kwa patasi nyembamba akiomba Mungu kisipasuke.

Kitu kimoja hakipatanwi: oda ambayo bei yake mmeshakubaliana. Kuja siku ya kuchukua na kuanza "bosi, si unipunguzie kidogo" ni kumkamata mtu shingo. Picha ya shangazi yako atamwuzia nani mwingine?

Nataka achore kwa oda. Nianzie wapi?

Anzia na tarehe, kisha mdanganye. Kama sherehe ni tarehe 20, mwambie tarehe 12. Si kwamba wasanii ni waongo. Rangi ya mafuta ina ratiba yake, na masika ikinyesha kuanzia Machi hadi Mei, kitu kilichokuwa kinakauka siku moja kinachukua tatu.

Advansi ya kawaida ni nusu. Inanunua kitambaa, mbao na rangi. Anayetaka yote mwanzoni mwogope kidogo, na asiyetaka hata senti mwogope pia, maana huyo atachora akipata nafasi. Andikianeni: ukubwa kwa sentimita, bei, kiasi kilicholipwa, tarehe. Ujumbe wa simu unatosha. Mwombe mchoro wa penseli kabla hajagusa rangi, na mrekebishe mambo hapohapo. Kufuta penseli ni bure.

Kama ni picha ya sura ya mtu, nisikilize vizuri, maana hapa niliumia mwenyewe. Shangazi yangu alikuwa anastaafu uuguzi, nikaagiza achorwe. Nilimtumia mchoraji picha moja kwa WhatsApp, kama tunavyotuma picha zote. Simu ikaibana, ikafika imefifia. Siku naifuata kazi, naona mama mzuri kabisa, amevaa sare nyeupe, anatabasamu, na simjui. Nikazunguka nayo nyumbani, kila mtu anasema "amefanana, lakini…" Mjukuu wake wa miaka sita ndiye aliyesema: "Bibi ana mwanya." Kweli. Shangazi ana mwanya wa kupitisha njiti ya kiberiti, ndio uliompa jina la utani ujana wake, na mchoraji kwa kuwa hakuuona alimfunga meno yote. Bahati nilikuwa nimedanganya tarehe. Mwanya ukarudi jioni moja.

Kwa hiyo tuma picha kama faili ili isibanwe, tuma tatu au nne, moja akicheka, na umwandikie kwa maneno: ana mwanya, ana alama kwenye nyusi ya kushoto, ngozi ni maji ya kunde na wala si nyeupe. Ukikaa kimya, wachoraji wengi humtakatisha mtu. Wanadhani wanakufurahisha.

Nilipeje?

Taslimu au kwa simu, mpatane. Ukituma kwa simu weka na ya kutolea. Hilo halihitaji kuambiwa, lakini nalisema, maana nimeona ugomvi wa shilingi elfu mbili ukiharibu urafiki wa miaka.

Kabla hujabonyeza namba ya siri, soma jina linalotokea. Likiwa si la msanii, mpigie umwulize. Namba zetu mara nyingi zimesajiliwa kwa jina la mke au mdogo mtu, si ajabu. Ila ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" unakuja hata kwa mtu mwenye oda ya kweli, na siku hiyo ndiyo unanaswa.

Kama unayenunua ni ofisi na mhasibu anataka risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, uliza kabla ya kuchagua picha. Msanii mmojammoja mara nyingi hana mashine. Ushirika au kikundi kinaweza kuwa nayo. Usimchoree mtu tabasamu mpaka mwisho halafu umwambie bila risiti hulipi.

Wananiambia kinyago ni mpingo. Nitathibitishaje?

Kibebe kwanza. Mpingo ni mzito kuliko unavyotarajia, kiasi kwamba ukiuweka majini unazama. Kinyago cheusi cha urefu wa mkono unachokiinua kwa vidole viwili ni mti mwingine uliopakwa kiwi.

Kigeuze utazame chini, kwenye kitako, ambako watu huwa wavivu wa kupaka. Mpingo una moyo mweusi wenye wekundu wa zambarau kwa mbali, na ganda la nje la mti ni jeupe-manjano. Mchongaji mzuri huliacha hilo jeupe kwa makusudi, mgongoni mwa mzee au kwenye ukingo wa kanga ya mama, na ukiliona limeungana na jeusi bila mstari wa brashi, furahi. Omba ruhusa ukwaruze kitako kwa ncha ya ufunguo: mpingo ni mweusi mpaka ndani. Uliopakwa utatoa ung'avu wa mbao.

Kuna wanaosema futa kwa kitambaa cheupe, kikichafuka ni feki. Hapana. Hata mpingo halisi humaliziwa kwa kiwi ili ung'ae, kitambaa kitachafuka tu. Jaribio hilo limewaonea wazee wengi.

Na mti mwingine si dhambi. Mninga ni mzuri sana. Dhambi ni kuuita mpingo.

Ukishampa mtu, mwambie asikiweke dirishani penye jua wala karibu na kiyoyozi kinachopuliza moja kwa moja. Mpingo hukauka taratibu miaka na miaka, ukikaushwa kwa haraka hupasuka, na huo mlio wa usiku, *ta!*, watu wameshausingizia mambo mengi.

Nikimpa mtu kinyago cha shetani, hakutakuwa na maneno?

Yanaweza kuwepo. Tuseme ukweli, kuna nyumba ambazo kinyago cha jicho moja na ulimi uliopinda hakitalala ndani hata siku moja. Mchungaji atapita, mama mkwe atauliza, kitaishia stoo. Hilo halikipunguzii thamani. Mtindo huo wa mashetani wa Kimakonde ulianzia miaka ya 1950 na anayetajwa sana kuuanzisha ni Samaki Likankoa. Ni viumbe wa hadithi za wazee, wengine wa kuchekesha kabisa. George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005, aliwachora na kuwachonga wakicheza ngoma, wakinywa pombe, wenye masikio kama makapi ya embe, na kazi zake zimetembea dunia nzima. Wachongaji wenyewe hawaoni la kuogopa. Kinyago ukichonge mwenyewe kisha kikutishe?

Lakini zawadi ni ya anayepewa. Kama humjui vizuri, chukua ujamaa: ule mnara wa watu waliobebana, mmoja juu ya mwingine, bega kwa mguu, kutoka gogo moja. Kwa harusi haujawahi kukataliwa. Vizuri ni kuwahesabu watu na kumwuliza mchongaji nani ni nani. Mara nyingi yule wa chini kabisa, au wa juu akiwa na kibuyu, ana habari yake.

Wapo pia Waislamu wasiotundika picha za viumbe vyenye roho sebuleni. Hao wachoree jahazi, mlango wa Zanzibar wenye misumari ya shaba, au mbuyu peke yake. Swali la kuuliza familia ni dogo na halimwudhi mtu.

Picha inanata nikigusa. Ni mbovu?

Ni mbichi. Juu inakauka haraka, ndani bado. Iache mahali penye hewa wiki mbili, isigusane na kitu, hasa isifunikwe kwa nailoni. Gazeti nalo ni adui: nimeshapokea simba mwenye matangazo ya vifo kwenye tumbo, yanasomeka kutoka kulia kwenda kushoto. Siwezi kuyatoa bila kumtoa na simba.

Naihitaji fremu? Na kioo?

Hapa nina maslahi, kwa hiyo nitajibu kinyume cha tumbo langu. Picha ya rangi ya mafuta iliyowambwa vizuri kwenye mbao zake, pembeni ikiwa imepakwa, inaweza kutundikwa hivyohivyo. Fremu inaipa heshima na inazuia kona zisipondeke, basi. Kioo haihitaji, na fundi anayekuambia lazima kioo anauza kioo. Kazi ya karatasi, penseli au rangi ya maji ndiyo inayotaka kioo, na kioo kisilale juu ya karatasi. Jasho la chumba litaigandisha. Paachwe nafasi.

Batiki iko katikati. Kama nyumba ina watoto au jiko liko karibu, weka kioo.

Nataka kuipeleka au kuituma nje ya nchi.

Itoe kwenye mbao, uikunje kwa kuiviringisha, rangi ikiwa upande wa nje. Kila mtu hukunja ndani akidhani anailinda, na akiikunjua inakuwa na nyufa kama udongo wa bwawa la Septemba. Ikikunjwa nje, rangi hunyooshwa badala ya kubanwa, na ukiikunjua hurudi mahali pake. Weka karatasi laini, kunja kwa upana, usiibane kama sigara. Kisha nunua kipande cha bomba la plastiki la inchi nne kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na vifuniko viwili. Hiyo haipindiki hata ikikaliwa na sanduku la mtu aliyerudi na mchele wa Mbeya. Mbao na fremu ataweka huko aliko.

Ukiwa unatuma mkoani kwa basi, fanya vivyo hivyo, na usithubutu kutuma iliyo na kioo. Kondakta atakuambia itafika salama. Kondakta hajui kesho.

Mpingo uko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu mwaka 2017, pamoja na ndugu zake wote wa jenasi ya Dalbergia. Usiogope: marekebisho ya mwaka 2019 yaliacha nje vitu vilivyokamilika visivyozidi kilo 10 za mti huo kwa mzigo mmoja, kwa hiyo kinyago cha mezani hakina shida. Sanamu la kimo cha mtu lina taratibu zake, uliza kabla hujalipa. Anayekwenda Australia au New Zealand atangaze kila kitu cha mti pale uwanja wa ndege, na asichukue chenye magome wala vitobo vya wadudu.

Pembe za ndovu, meno ya kiboko, bangili za gamba la kasa: acha, hata ukiambiwa ni za bibi. Mlango wa kale au kitu chochote cha kihistoria kinataka kibali chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Mlango mpya uliochongwa jana kwa mtindo wa kale hauna neno, ila omba risiti inayosema ni mpya.

Nipo Muscat, zawadi ni ya mtu aliyeko Dar. Inawezekana?

Inawezekana, na ni rahisi kuliko unavyofikiri. Omba simu ya video badala ya picha. Mwambie aisogeze mchana, nje, aigeuze uone nyuma na kona. Mtafute mtu mmoja wa kuaminika wa kuichukua na kumalizia nusu ya malipo akiiona. Usimtume yule yule anayepewa zawadi. Limeshatokea.

Nimeinunua, ni yangu. Naweza kuichapa kwenye fulana za harusi?

Picha ni yako, mchoro bado wa mchoraji. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki ya kunakili hubaki kwa msanii maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, isipokuwa mkiandikiana vingine. Kuitundika, kuipiga picha ya ukumbusho, kuirithisha, sawa. Fulana mia mbili, mpigie simu. Wengi watakubali kwa malipo kidogo, na hufurahi kuulizwa kuliko unavyodhani.

Hela yangu ni ndogo. Nisiende kabisa?

Nenda. Omba vipande vidogo, vya kiganja. Wachoraji huvifanya kwa masalio ya kitambaa, na kimoja kikiwekwa kwenye fremu pana yenye nafasi nyeupe kinatosha ukuta mzima. Kwa wachongaji uliza vijiko, vitana, vyano vya pilau. Au changeni: watu wanane wa ofisi wanaonunua picha moja nzuri ya kumuaga mwenzao wanafanya vizuri kuliko wanane wanaoleta glasi.

Niandike nini kwenye zawadi, na wapi?

Mwachie msanii aandike mwenyewe. Nyuma, kwenye ubao, kwa penseli: jina lake, mahali, mwezi na mwaka, na kama ni kinyago, aina ya mti. Wewe ongeza chini yake ni kwa ajili ya nani na sababu gani. Usitumie kalamu ya wino mzito kwenye kitambaa. Wino hupenya, na baada ya miaka kadhaa "Hongera kwa kustaafu" hutokeza mbele, kinyumenyume, katikati ya anga.

Nikifunga fremu huwa naziba nyuma kwa karatasi ya kaki ili vumbi na mende wasiingie. Mwezi uliopita mama mmoja alileta picha ya kware wawili ya miaka ya themanini, fremu imeliwa na mchwa. Nyuma kuna maandishi ya penseli ya mchoraji, na chini yake mwandiko wa marehemu mumewe. Alinitaka nikate kidirisha kwenye karatasi ya kaki, maandishi yabaki yanasomeka. Nilikata kwa wembe, sentimita 12 kwa 5, nikagundisha plastiki angavu juu yake. Siku hizi nawauliza wateja wote kama wanataka kidirisha. Sitozi.